Kikombe cha Tatu

Addis Ababa

Mama mkubwa Etagegn,

Nimechagua! Famasi, si udaktari! Nilimwambia mama jana tukinywa kahawa, tukiwa kikombe cha pili kati ya vile vitatu vya desturi.

"Yaani uuze vidonge?" akafoka. "Mtoto wa daktari!"

"Mama, mfamasia jioni anafunga duka. Wewe kila siku unaondoka kabla ya kikombe cha tatu. Hata baba alipokata roho, ulikuwa wodini."

Simu ikalia. Nikajua ndiyo basi, anaondoka. Kumbe! Akamwambia daktari mwenzake, "Leo zamu yako. Mwanangu ananimiminia kahawa."

Nikammiminia. Akaonja, akakunja uso: "Nani kaitia maji kahawa yangu?"

Nilicheka mpaka machozi. Mhabeshi mzima, hajui kwamba kahawa ya tatu huwa nyepesi!

Mwanao,
Mahlet