Ekseli ya Katikati

Saa moja asubuhi: maziwa yote yamemwagika langoni.

Baba Ndegwa, chai iko kwenye chupa. Osha mitungi, na usiifunge tena trela nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne. Nilikwambia fundi aliyeitengeneza asogeze ekseli ya magurudumu nyuma kidogo. Ukasema, "Mama Ndegwa, wacha hesabu! Ya mkokoteni ilikuwa katikati, na punda hakulalamika." Leo ukiwa bado umelala, nimepanda mwinuko wa langoni, mbele ya trela ikainuka na mitungi ikaporomoka. Naenda Ruiru kumleta fundi huyo huyo.

~~Mpigie mwenye hoteli wa Kiganjo, umwombe atusubiri.~~ Usimpigie. Amepiga mwenyewe sasa hivi: jirani yetu Kyengo ameshampelekea maziwa, kwa punda yule tuliyemuuzia.

Mama Ndegwa