Kipimo cha Kambi ya Tatu

Dada yangu,

Barua yako niliipata getini tukianza kupanda mlima. Nimefurahi kusikia mama anatembea tena.

Huku kila jioni nawapima wageni hewa kwenye damu, kwa kile kibanio cha kidole. Ikishuka chini ya asilimia sabini namteremsha mtu, hata akilia. Jana mpishi wetu alinibana mimi kwa utani. Ikatoka sitini na nne.

"Kiongozi, kifaa kimelewa hiki," akasema. Akajipima mwenyewe: themanini na nane.

Leo asubuhi nimemkabidhi msaidizi wangu wageni, ikiwa imebaki siku moja kufika kileleni. Nateremka kwenda kumwona daktari. Mama usimwambie kwanza. Mpishi amenibebea begi, nami sikukataa.

Mdogo wako.