Blanketi la Mama Liko Kitandani Kwako

Kasongo, nyumbani kwa Mama
Ijumaa, tarehe 18 Septemba 1953

Mpendwa mdogo wangu Lukumani,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Juu ya bahasha nimeandika Raphaël, jina ulilopewa na Mapadri, kwa sababu mtu wa posta huko Albertville hamjui Lukumani. Humu ndani hakuna Raphaël. Humu tuko mimi dada yako Subira, na wewe mtoto niliyekubeba mgongoni mpaka mgongo ukauma.

Hujambo? Apolline mkeo hajambo? Ile homa uliyokuwa nayo ulipokuja Idi imekwisha? Nakuuliza kwa moyo, maana hasira yangu ni kitu kimoja na afya yako ni kitu kingine. Sisi huku hatujambo. Kassimu mume wangu alijikata mguu kwa jembe, lakini kidonda kimefunga. Mvua zimeanza. Mama anakula, anatembea kwa fimbo hadi mlangoni na kurudi, na macho yake ni yale yale, hayaoni hata mwanga wa mchana.

Usicheke mwandiko wangu. Herufi hizi ulinifundisha wewe mwenyewe kwa makaa, kwenye ukuta wa jikoni, ulipokuwa ukirudi likizo. Mama alikugombeza sana kwa kuchafua ukuta. Sikujua kwamba ipo siku nitazitumia kukugombeza wewe.

Barua yako ilifika wiki tatu zilizopita. Ningekujibu siku ile ile, lakini Kassimu alinizuia, akasema ningoje mpaka moyo utulie. Nimengoja. Haukutulia, kwa hiyo naandika.

Umeniandikia kwa furaha kwamba wazungu wa tume walikuja kukagua nyumba yako kabla ya kukupa ile kadi ya mtu aliyestaarabika. Kwamba walitazama meza, uma na visu, wakafungua kabati, wakaingia hata chumba cha kulala. Kwamba Madame mmoja aliliona blanketi la viraka juu ya kitanda, akalishika, akaligeuza, akauliza nani amelishona. Nawe ukajibu kwamba ni mkono wa mke wako Apolline.

Lukumani, nilisoma mstari ule mara nne. Mara ya kwanza nilifikiri nimesoma vibaya, kwa kuwa mimi si mtu wa shule.

Hivyo ndivyo nilivyojua blanketi la Mama liko wapi. Kabla ya hapo sikujua. Tangu ulipoondoka mpaka barua yako ilipofika, nililitafuta ndani ya nyumba, kwenye ghala la mpunga, chini ya kitanda, hadi kwenye banda la kuku. Nilimshuku Emilienne. Ndiyo, Emilienne jirani yetu, ambaye hushona pamoja nami kila alasiri na ambaye hajawahi kuchukua hata uzi wangu bila kuuliza. Alipita mlangoni nami nikageuza uso. Siku tisa sikumsalimu. Barua yako ilipofika ilibidi niende kwake, nikae chini kwenye mkeka wake, nimwombe radhi kwa kumshtaki moyoni, naye hata hakujua kwamba ameshtakiwa. Aibu ile ni yako, lakini nimeibeba mimi.

Na si aibu hiyo tu niliyoibeba. Kumbuka usiku wako wa kwanza hapa. Kulikuwa na baridi ya kiangazi, na Mama aliniambia, "Subira, mupatie mutoto blanketi yangu, baridi iko mingi." Kwetu mgeni hulala na kilicho bora ndani ya nyumba, hilo unalijua. Nililitoa juu ya miguu ya Mama nikakufunika wewe, na yeye akalala na kikwembe changu, kitambaa cha kujifunga tu. Siku ya kuondoka ulifunga sanduku lako mwenyewe, ukatia kufuli. Nami kama dada nilikusindikiza, nikajitwika sanduku lako kichwani mpaka kwenye lori, kwa sababu mgeni habebi mzigo wake mbele ya nyumba aliyolala. Nilisikia jinsi lilivyo jepesi, bila kitu cha kugonga ndani, nikakuonea huruma, nikasema moyoni maskini mdogo wangu hana vitu vingi. Kumbe nilikuwa nimebeba blanketi la Mama kichwani mwangu mwenyewe, nakusaidia kuliiba. Watu walionisalimu njiani siku ile, kila nikikutana nao sasa naona haya.

Umeandika kwamba Mama alikupa. Nilimuuliza Mama kwa kuzungukazunguka, ili asishtuke. Alisema, "Nilimupatia ajifunike. Asubui si alirudisha?"

Sasa nikwambie blanketi lile ni nini, maana naona hukuwahi kulitazama. Ulipolikuta hapa ulilicheka. Uliniita dada mkubwa kwa lugha ya nyumbani, "Yaya, unavalisha kitanda matambara." Matambara yale yamekustaarabisha leo, ehe?

Unajua maisha yetu ya kutwa. Asubuhi ni pamba, na pamba si yetu, ni ya amri. Mnyapara anahesabu mistari, na asiyepalilia shamba lake anapelekwa bomani. Ukitoka huko kuna maji, kuna kutwanga, kuna chakula cha watu. Mimi sina neno juu ya kazi. Lakini baada ya sala ya alasiri nanawa mikono, natandika mkeka uani, Emilienne anakuja na kikapu chake, na tunashona. Hakuna aliyetutuma. Hakuna atakayekuja kupima. Sindano ikiingia na kutoka kama mara ishirini, kichwa kinaanza kupoa, mabega yanashuka, na hata maumivu ya mgongo yanasahaulika. Tunaweza kukaa mpaka jua linatua bila kusema maneno kumi. Nikikosea nafumua, na kufumua kwenyewe ni raha. Ile pamba iliyo ndani ya blanketi niliiokota baada ya mavuno kwenye mabua yaliyoachwa, punje kwa punje, nikaichambua kwa vidole. Ndiyo pamba pekee maishani mwangu iliyokuwa yangu.

Nilianza kulishona Mama alipoacha kuona. Alikuwa akikaa mchana kutwa mikono imelala mapajani, haina kazi. Nikaona nimpe kitu cha mikono. Kila kipande nilikikata kutoka nguo ya mtu wetu, na kila kitambaa kina namna yake ya kushikwa. Kanzu ya Baba ni laini, imefuliwa miaka mingi. Kikwembe cha Bibi wa Nyangwe kina uzi mnene. Gauni la Hawa, dada yetu aliyeolewa Kabambare, lina maua ya kufuma. Chako ni pembe ya ile shuka nyeupe uliyovaa ulipotoka kutahiriwa, yenye pindo ambalo Mama alilishona mwenyewe, wakati huo macho yake yakiona. Na katikati niliweka kaki ya ndugu yetu Faradji, shati lake la mgodini.

Kila jioni Mama huweka blanketi magotini na kupita juu yake kwa vidole, kutoka pembe hii hadi ile, akiita majina. Anamsalimu kila mtu. Anawauliza habari, anawajibia mwenyewe. Wengine hucheka wakimsikia, mimi sijacheka hata siku moja. Akifika kwa Faradji huinama akanusa, kwa sababu begani pana doa la mafuta ya taa ambalo halikutoka. Wewe ulikuwa shuleni Faradji alipofukiwa na udongo kule Salamabila. Walimzika huko huko, Mama hakumwona. Lile shati tu ndilo lililorudi.

Basi kitu hicho ndicho ulichotandika kitandani kwako kwa ajili ya wageni. Na umeandika mwenyewe, bila haya, kwamba wewe na Apolline mnalala chini kwenye mkeka ili lisikunjike kabla tume haijarudi mara ya pili. Nimekaa na jambo hilo nikashindwa hata kulicheka. Huko linakaa bila kumfunika mtu, na huku mwenyewe analala miguu imekunjwa tumboni.

Halafu unaniomba. Unasema Madame anataka Apolline awafundishe wake wa wafanyakazi kushona vile, na Apolline hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo niwaandikie namna ya kufanya, tena nishone la pili, kubwa zaidi, upesi, na safari hii nichague vipande vinavyolingana rangi. Mdogo wangu, watu wetu hawakuvaa kwa kulingana rangi, wala hawakufa kwa kulingana rangi. Na hilo neno lako la upesi limeniudhi kuliko mengine yote. Kila kitu katika maisha yangu kina mtu anayeniambia upesi. Kulikuwa kumebaki kitu kimoja. Sasa na hicho umekitafutia mnyapara, na mnyapara mwenyewe ni wewe.

Tangu barua yako ije nikishika sindano najichoma. Mishono inakwenda kombo, nafumua, nashona tena, inakwenda kombo tena. Juzi Emilienne alininyang'anya kitambaa mkononi, akasema, "Kasirika kwanza, umalize, ndio ushone." Raha yangu yote imeingia uchungu, na hiyo sitaki unilipe, kwa sababu huwezi.

Sina ugomvi na Apolline. Mwanamke aliyefika juzi kwenye nyumba hawezi kujua kilichofungwa kwenye sanduku la mumewe. Lakini umemvisha uongo, na sasa atasimama mbele ya wanawake wenzake na sindano mkononi, na uongo wenu utaonekana kwenye tundu la kwanza. Mhurumie. Mwambie ukweli Madame, au kama unaogopa kadi yako itapotea, mwambie Apolline anaumwa. Mimi nitamfundisha Apolline kwa furaha siku akija hapa, akikaa nami uani bila haraka, na atashona nguo za watu wake mwenyewe.

Barua yako nilimsomea Mama kwa sauti, kama kawaida. Nilisoma salamu, nikasoma habari za treni na za nyumba ya matofali, na nilipofika kwenye blanketi niliruka. Akasema, "Ni fupi leo." Nikasema ndiyo, ni fupi. Mwanzoni nilimwambia blanketi limefuliwa, liko kwenye kamba. Lakini Mama ni kipofu, si mjinga, anajua kiangazi nguo hukauka kabla ya adhuhuri. Kisha nikasema tumemwazimisha mgonjwa. Sasa haniulizi tena, na kule kunyamaza kwake kunaniumiza zaidi.

Sikiliza ninachotaka. Heri, yule mwenye duka karibu na msikiti, anakuja huko mwezi ujao kununua ndagala. Mkabidhi blanketi mkononi, si kwa mtu wa tatu. Lifungeni kwenye shuka safi lisishike harufu ya samaki. Usilifue, nakuapiza, usilifue, lile doa la mafuta likitoka sitakusamehe. Na usinitumie zawadi juu yake. Sitaki kitambaa, sitaki sukari, sitaki cherehani uliyoahidi.

Nilijaribu kumdanganya Mama mara ya tatu, na hili ndilo limenifanya niandike leo bila kungoja tena. Nilikuwa na mkono mmoja wa kanzu ya Baba, na mabaki ya kikwembe cha Bibi na gauni la Hawa. Nikaunga kipande kidogo, cha kufunika magoti tu. Jana jioni nikamwekea. Alifurahi, vidole vikaanza kutembea. Akamsalimu Baba. Akamsalimu Bibi. Akamuuliza Hawa habari za watoto. Kisha vidole vikafika mwisho, vikarudi, vikapita tena pole pole, vikazunguka ukingo wote kama vinavyohesabu watu.

Akasema, "Subira, hapa banakosa babili. Mumoja najua ule iko kufa. Na ule mwingine?"

Jibu la swali hilo nimekuachia wewe.

Hawa anakusalimu kutoka Kabambare, habari hizi hajazijua, na ukifanya ninavyosema hatazijua. Kassimu anakusalimu, na Emilienne pia, ingawa ana haki ya kukataa. Mama anakuombea kila sala, kwa jina lako la Lukumani. Mungu akulinde kazini, akulinde njiani, na akurudishie akili kabla Heri hajafika.

Ni mimi ninayekupenda, hata leo ambapo kukupenda kumekuwa kazi ngumu,

dada yako Subira