Mzima-Nyota Hakugeuka

Jumapili, 1 Machi

Ndugu wajumbe wa mkutano huu — yaani mimi peke yangu — akidi imetimia, tuendelee.

Leo kikundi chetu cha mashabiki kimepitisha azimio lake zito kuliko yote. Vitangulizi vyote vitatu vya *Minara ya Zohali*, zile filamu zilizotolewa baadaye kusimulia yaliyotangulia, vimefutwa. Havikuwahi kuwapo! Tutaviandika upya wenyewe, na sura ya mwisho tutaisoma hadharani katika ukumbi wa maktaba, Jumamosi ya tarehe 21.

Tulikutana kwa Kinyozi, saluni ikiwa imefungwa, kila mmoja kwenye kiti cha kuzunguka. Niseme kwa utulivu kwa nini tumefika hapa. Filamu tatu za mwanzo zilitupa Mzima-Nyota, mwovu anayezima nyota moja moja: kofia ya chuma isiyovuliwa, sauti ya kisimani. Tulikua tukijiuliza mtu huyu aliumizwa na nini. Kisha vikaja vitangulizi vikatujibu: alifeli mtihani wa urubani. Mtihani! Kinyozi alisema yeye alifeli wa udereva mara tatu na hajazima hata taa ya barabarani.

Kazi zimegawanywa. Mkutubi ametupatia ukumbi. Kinyozi ni mtoa sauti: akiiweka mashine ya kunyolea juu ya sinia la bati, chombo kinapaa. Mimi, mwenyekiti, ni msimulizi. Dada yangu, mfamasia, ataandika sura ya mwisho na kusoma sehemu ya Malkia, mke wa Mzima-Nyota. Shemeji, mume wa Dada na fundi wa lifti, atakuwa Mzima-Nyota. Sauti hiyo alizaliwa nayo.

Dada na Shemeji walikaa mmoja huku, mmoja kule. Waliambiana "tafadhali" na "asante". Sikuipenda adabu ile.

Jumatano, 4 Machi

Dada alipita chuoni ninakofanya kazi, saa ya chakula. Akaketi juu ya meza yangu, si kitini. Amepata kazi: mkuu wa famasia katika hospitali kubwa, mji mwingine, mbali. Anaripoti mwisho wa mwezi. Nilimpongeza kwa maneno mengi na mazuri, akanikatiza.

— Mdogo wangu, acha hotuba. Niulize shemeji yako amesema nini.

Nikamwuliza.

— Amesema "vizuri".

— Basi?

— Basi. Kisha akanitafutia maboksi. Maboksi imara, ya vipuri vya lifti!

Hakulia. Angekuwa mtu wa kulia ningejua la kufanya. Alisema wana muda mrefu hawajagombana. Zamani waligombana juu ya kila kitu: dirisha, redio, nani kamaliza sukari. Majirani walikuwa wakipunguza televisheni wapate kusikiliza. Sasa nyumba imepoa. Mumewe angemwambia nenda, angekwenda kwa moyo mkunjufu. Angemwambia usiende, walau angejua yupo mtu. Lakini "vizuri"! Mke anaambiwa vizuri kama anayekabidhi ufunguo wa ofisi?

Jumapili, 8 Machi

Kikao kirefu, chenye tija na chenye hatari.

Sheria ya kikundi ni moja, nami ndiye mlinzi wake: yaliyosemwa katika filamu tatu za mwanzo hayaguswi, yasiyosemwa ni mali yetu. Na juu ya anguko la Mzima-Nyota yamesemwa mambo mawili tu, na fundi mzee wa injini katika filamu ya pili. Kwamba chombo cha Malkia kiliondoka kabla ya mapambazuko. Na kwamba tangu alfajiri ile hakuna aliyeuona uso wa mumewe.

Dada alisoma rasimu. Malkia anaaga, anapanda, anaondoka. Mume anabaki uwanjani, anavaa kofia. Mkutubi alifuta miwani. Kinyozi alisahau kuizima mashine.

Shemeji akanyoosha mkono — yeye, asiyenyoosha mkono kamwe! Aliomba aonyeshwe ni wapi paliposemwa kwamba Malkia alikuwamo. Chombo kiliondoka, sawa. Hata yeye kila siku hupandisha lifti tupu hadi ghorofa ya juu, kuijaribu tu.

— Haiwezekani, alisema Kinyozi. Mwenyekiti, inawezekana?

Tukaifungua filamu kwenye simu ya Mkutubi, vichwa vitano juu ya kioo kimoja. Tukairudia. Tukairudia tena. Inawezekana! Tangu ujana tunalia mahali pale pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona Malkia akipanda.

Wote walishangilia isipokuwa Dada. Alimtazama mumewe kupitia kioo cha ukutani, si moja kwa moja. Akasema kwa adabu kwamba atalifikiria.

Jumatatu, 9 Machi

Dada kwa simu, hata viatu sijavaa. Amewaka! Mtu hana neno la kumwambia mkewe sebuleni, ila mbele ya watu analo — juu ya malkia wa sayari isiyokuwapo! Nikasema huenda huko ndiko alikoweza kulifikisha. Akasema nisimtetee; mimi ni ndugu yake yeye, si wa fundi lifti. Akakata.

Alhamisi, 12 Machi

Lifti ya chuo imekwama, na aliyeletwa kuikwamua ni Shemeji. Nilimkuta ghorofa ya tatu, kichwa na mabega yameingia shimoni. Nilizungumza na miguu. Nikaiuliza miguu kwa nini haimwambii mkewe asiende.

— Shemeji, nafasi kama ile kaingoja muda gani? Nikisema usiende, nimemfungia. Nikisema nenda, atadhani namfukuza. Nikaona niseme vizuri.

— Na hilo vizuri limeleta nini?

— Limeleta maboksi.

Tukacheka. Kicheko chake kilipanda shimo lote, wahadhiri wa ghorofa ya juu wakachungulia. Kisha akasema polepole kwamba hataki kumzuia. Anataka tu ajue kuwa yeye angependa abaki. Nikamsihi: mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, leo.

Akaniomba nimpitishie bisibisi.

Jumapili, 15 Machi

Rasimu mpya. Nimeisikiliza nikiwa nimeshika mikono ya kiti.

Malkia hakupanda. Anateremka ngazi dakika ya mwisho, chombo kinaondoka kitupu, naye anasimama hatua chache nyuma ya mumewe. Anangoja. Mume ametazama juu. Anakifuata chombo kwa macho mpaka kinakuwa nukta. Anavaa kofia. Na msimulizi — ndiye mimi — anasema neno moja: "Hakugeuka."

Sheria haijavunjwa hata kwa unywele.

— Dada, umetuua, alisema Kinyozi. Mtihani wa urubani kitu gani! Huyu kila alichokitaka kilikuwa nyuma ya mgongo wake!

Shemeji aliirudia karatasi kwa midomo tu. Kisha akauliza, kwa upole, kama Malkia hangeweza kumwita.

— Angeweza, alijibu Dada. Amechoka kuwa wa kwanza kusema.

Kura: wanne tumeunga mkono. Wa tano mikono yake ilibaki mapajani.

Jumatano, 18 Machi

Nimepita kwao. Maboksi yamefungwa na kuandikwa kwa herufi za Shemeji, nadhifu kama bango la lifti: VITABU. VYOMBO. VIATU — USIPINDUE. Tiketi ya basi ni ya Jumatatu. Nikauliza kama wamezungumza. Wakajibu ndiyo, wote wawili kwa pamoja. Nikajua hawajazungumza.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika papa hapa, ukumbini, nimeketi kwenye ngazi ya jukwaa. Ukumbi umechafuka!

Niyaweke kwa mpangilio. Watu walijaa mpaka madirishani. Wengine wamevaa kofia za maboksi zilizopakwa rangi ya fedha. Tulisoma vema. Walicheka palipofaa, wakanyamaza palipofaa. Tukafika mwisho. Mashine ikanguruma juu ya sinia, Kinyozi akaififisha taratibu, chombo kikaenda zake. Shemeji mbele, uso juu, kofia mikononi. Dada nyuma yake, kimya. Nikavuta pumzi niseme neno langu.

Akageuka.

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Karatasini pameandikwa "Hakugeuka", na mtu amegeuka mbele ya halaiki!

Shemeji hakutumia kipaza sauti. Alisema:

— Mimi ningependa ubaki. Uende ukitaka. Lakini ningependa ubaki.

Hayo hayamo katika maandishi. Wala si ya Mzima-Nyota.

Shabiki wa safu ya pili akasimama: sheria imevunjwa! Kama amegeuka, basi filamu tatu nzima zimekufa! Mwanamke mwenye kofia ya boksi akamwambia keti, mwache mtu azungumze na mkewe. Wakajibizana. Mkutubi akapiga kengele. Kinyozi katangaza mapumziko.

Na wale wawili? Hawajaondoka pale walipo. Wanagombana!

— Umeharibu kila kitu! Sasa kofia utaivaa lini? Nyota atazizima nani?

— Sijui. Nilifikiria mpaka pale tu.

— Ndivyo ulivyo! Unaanza jambo hujui linaishia wapi!

— Na wewe unateremka chomboni, unasimama nyuma ya mtu kama nguzo ya umeme!

— Nilikuwa nangoja!

— Si nimegeuka?



Jumatatu haijatajwa. Tiketi haijatajwa. Watu wanarudi vitini, wanataka mwisho wao, na mimi sina mwisho wa kuwapa. Sasa wanakuja huku, wote wawili, wakikatizana: kofia aivae kwanza ndipo ageuke, hapana, ageuke, kisha Malkia mwenyewe amvalishe, kwa nini amvalishe? Kwa sababu bado amemkasirikia, huoni? Dada amenyoosha mkono. Anataka kalamu, wauandike upya sasa hivi, watu wakingoja. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba ninayo hii moja tu, nami bado naitumia, na kwamba kwa utaratibu wowote ule wa vikao mwenyekiti hanyang'anywi ka