Ujumbe wa Saa Nane na Dakika Kumi na Saba

Mpendwa Mama Lenah, nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia jambo hili bila lenyewe kumfikia mke wangu kabla sijajua nitalisema vipi, na wakati umebaki mdogo, kwa hivyo tafadhali nielekeze.

Mimi nina duka la mbegu na dawa za mifugo Bungoma, upande wa Kanduyi, lakini nyumba yangu iko Kitale, ambako mke wangu Nyaruai anafundisha shule ya msingi, na Jumatatu hadi Ijumaa mimi hulala Bungoma na yeye anabaki na watoto wetu wawili pamoja na Jepkemboi, msichana wa kazi kutoka upande wa Suam, ambaye amekaa nasi miaka sita na ndiye aliyemlea Ivy wetu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Baada ya vurugu za kikabila za mwaka jana mke wangu akawa na hofu, mbwa akibweka tu ananipigia simu, basi nikanunua ule mtambo wa kengele ya wezi ambao mlango ukifunguliwa unatuma ujumbe kwa simu ya mkononi, nikamwambia, "Hata nikiwa Bungoma nitajua kabla ya jirani." Ukitoka nyumbani unabonyeza namba nne za siri kwenye kisanduku cha ukutani, taa nyekundu inawaka, na namba hizo tulizijua watu watatu tu, mimi, mke wangu na Jepkemboi.

Taabu ni kwamba mtambo ulikuwa unasumbua. Upepo ukipeperusha pazia, ujumbe, paka wa jirani akipita dirishani, ujumbe, na mara mbili nilifunga duka nikakimbia mpaka Kitale nikakuta nyumba imetulia, na majirani nao wakalalamika kwamba king'ora kinaamsha watoto wao mchana, nikakikata, ikabaki simu peke yake.

Sasa Jumanne moja ya mwezi wa tano, nikiwa namwonyesha mteja wangu Khaemba jinsi ya kuchanganya dawa ya kupe, simu ikalia, nikasoma kwamba mlango wa nyuma umefunguliwa, saa nane na dakika kumi na saba. Khaemba akaniuliza, "Kuna shida nyumbani?" Nikamwambia, "Ah, ni paka tu bana," nikairudisha simu mfukoni.

Saa kumi na moja jioni Nyaruai akanipigia. Televisheni haiko, redio haiko, cherehani yake haiko, na kufuli ya mlango wa nyuma imefunguliwa bila kuvunjwa. Akaniuliza, "Baba Ivy, simu yako haikukuambia?" Nikasema haikuniambia. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, nilikumbuka tu vile nilivyojigamba siku ya kununua mtambo, na neno likanitoka. Yeye akasema, "Basi kuna mtu aliuzima, kwa sababu hauwezi kujizima."

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini, Mama Lenah, kwa sababu mimi nilikuwa Bungoma na yeye alikuwa darasani, na mtu wa tatu ni mmoja tu. Jepkemboi alikuwa ameenda kusaga mahindi. Alimwambia mke wangu, "Mama Ivy, mimi niliwasha. Nilifinya hizo namba zote nne, taa ikakuwa nyekundu, ndio nikabeba mahindi nikaenda." Nyaruai akamjibu, "Ingekuwa uliwasha, Baba Ivy angepata ujumbe." Akamfukuza siku hiyo hiyo, na nguo alizovaa. Majirani nao wakaanza kusema ya kabila lake, maneno ambayo mimi na mke wangu tuliapa hayataingia kwetu tena, na huyu ndiye aliyebaki na funguo mwaka jana tulipokimbilia kanisani wiki tatu, na tuliporudi hata kijiko hakikuwa kimepotea.

Mama mmoja hapa Kitale alitaka kumwandika kazi, akampigia mke wangu kuuliza tabia yake, akaambiwa ni mwizi. Juzi Jepkemboi mwenyewe amenitumia ujumbe: "Baba Ivy sijaiba. Mungu anajua." Sijamjibu. Ule ujumbe wa mtambo bado uko kwenye simu, nimejaribu kuufuta nikashindwa. Jumamosi hii anakuja na kaka yake kuchukua sanduku lake la nguo, na mke wangu ameapa litafunguliwa mbele ya majirani. Nauliza, nikimtafutia kazi mahali pengine kimya kimya, kwa marafiki zangu wa Bungoma, si itatosha? Sitaki kuvunja nyumba yangu.

Baba Ivy, Kitale

MAMA LENAH ANAJIBU:

Baba Ivy, haitatosha. Utampa kazi, lakini jina la mwizi atabaki nalo, na wewe ndiye uliyempa.

Kuupuuza ujumbe nakuelewa. Kitu kikikudanganya mara kumi, ya kumi na moja huamki, na hata mimi ningesema ni paka. Hilo ungelisema siku ile ile, mke wako angefoka, mngenunua cherehani nyingine, yakaisha. Kosa lako ni lile neno moja la jioni, na kila siku unayonyamaza unalisema upya. Unasema hutaki kuvunja nyumba yako. Jepkemboi naye ana kwao, na ukimya wako umeshaingia huko.

Fanya hivi. Ijumaa ukifika, watoto wakiwa nje, mpe Nyaruai simu asome mwenyewe. Usianze na habari za paka na mapazia. Mwambie, "Niliuona, nikaupuuza, nikakudanganya," kisha unyamaze umsikilize. Atakasirika, na ana haki, kwa sababu umemfanya amtukane mtu asiye na hatia kwa kinywa chake. Jumamosi sanduku lisiguswe. Wewe ndiye utakayesimama mbele ya hao majirani useme mtambo ulikuwa umewashwa, ujumbe ulikuja, kwa hivyo aliyeingia hakuzijua namba, kufuli mwizi huifungua hata kwa waya, na aliyezembea ni wewe. Wale wa maneno ya kabila waambie waziwazi wakome. Kisha mke wako ampigie yule mama akanushe, na uandike barua ya kumsifu Jepkemboi, uweke sahihi na namba yako ya simu. Msamaha mwombe mara moja tu. Usimlilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza wewe.

Wasomaji, barua hii ilinifikia Alhamisi na ukurasa huu usingewahi Jumamosi, kwa hivyo nilimpigia simu nikamsomea jibu. Jumatatu akanipigia. Nyaruai alisoma ule ujumbe mara mbili, akauliza jambo moja tu: "Na uliniacha nimwambie yule mama ni mwizi?" Tangu hapo wanaongea ya watoto na ya chakula, basi. Lakini Jumamosi alitoka akasimama kando ya mumewe, na mumewe alipomaliza kusema, yeye akaongeza lake mwenyewe kwa majirani, bila kusukumwa.

Jepkemboi alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua barua, akaisoma yote palepale, akampa kaka yake aishike. Nyaruai akamwomba arudi kazini. Akajibu, "Nimesikia, Mama Ivy, na nimeshukuru mmesema mbele ya watu. Lakini kurudi sitarudi." Wakabeba sanduku wakaenda.

Sasa Baba Ivy ananiuliza kama yeye na mkewe waende mpaka Suam kumsihi, kwa sababu mtoto analia akimuulizia. Usiende. Mtoto mwambie ukweli kwa maneno anayoweza kuyaelewa. Jepkemboi amekwisha kukujibu, na jibu lake ni la mtu mzima. Akiwaita siku moja, nendeni. Asipowaita, mtakaa hivyo hivyo.