Kengele wa Kwenye Kijitabu

Tarehe 4 Machi

Kwako mwanangu Kasuku,

Hujambo huko mjini? Kile kifua kimepona? Huku sisi wazima. Baba yako mgongo unamsumbua lakini mdomo hauna tatizo lolote, anakusalimu. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa hapa unaujua: mpaka upande kilimani upige kelele, na haya si maneno ya kupigia kelele.

Vile vijitabu ofisi yenu ilivyochapa kutokana na utafiti wetu vimefika. Dereva wa zahanati ameshusha boksi zima, nesi akavipanga kwenye benchi la nje kila mtu ajichukulie. Nilifurahi, sitakudanganya. Kwa mara ya kwanza watu wetu tumeulizana wenyewe kuhusu virusi vya Ukimwi, kwa lugha yetu, ndani ya chumba changu cha kushonea, badala ya wale wageni waliokuwa wanakuja na sindano, wanachukua damu yetu, wanaondoka na majibu. Nikakaa chini kutafuta maneno yetu. Nikakuta hivi: "Kengele anasema: Watu wa nyumbani kwangu hawajui. Dawa naificha kwenye kopo la vifungo."

Kasuku! Mmemwandika Kengele! Tena kwa wino mzito! Si tulikubaliana hakuna neno litakalotoka chumbani mle na mwenyewe akajulikana? Mume wake anajua, lakini yuko kazini mbali, na nyumba inaendeshwa na mama mkwe. Wiki hii Kengele hakuja kwenye kikundi cha wanaomeza dawa hapa kwangu. Nikapita kwake, mama mkwe akaniambia amelala. Mwanamke aliyepewa jina kwa kicheko chake, amelala mchana kweupe!

Vikusanyeni kabla havijafika vijiji vingine. Nijibu upesi.

Ni mimi shangazi yako

*

Tarehe 13 Machi

Shikamoo shangazi,

Natumaini mzima, na kikundi kizima. Mimi sijambo, kifua kimeachia. Dereva atamletea baba dawa ya kuchua, mwambie asiinywe.

Sasa shangazi, hebu vuta pumzi kwanza. Majina yote yaliondolewa. Niliyaondoa kwa mkono wangu, nikarudia, halafu kamati ya maadili nayo ikapitia ukurasa kwa ukurasa. Kila msemaji alichagua jina la bandia. Ulikuwepo niliposema, "Chagueni jina lolote la utani." Kengele ni jina la utani. Jina lake la kwenye kitambulisho halipo popote, nakuapia. Pengine anaumwa kitu kingine, au amegombana na mkwewe. Tusikimbilie kulaumu.

Kijitabu kinasifiwa sana huku. Mkuu wa mradi anasema ni mara ya kwanza ofisi yetu kuchapa utafiti wa watu wa asili ulioongozwa na wenyewe. Nilidhani mtajivunia. Nimekesha kwa ajili yake, shangazi, na barua ya kwanza kuipata ni ya kugombezwa.

Mwanao

*

Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika. Baba yako ameinusa, akasema inanuka mjini, lakini anaipaka.

Unaapa nini? Niambie, nani huku anaitwa kwa jina la kitambulisho? Lile ni la polisi na la kupigia kura. Mtu akibisha hodi aniulizie mimi kwa jina lile, nitamjibu huyo hakai hapa, wala sitakuwa nimemdanganya. Mimi ni Pini tangu nilipoanza kubana pini mdomoni. Baba yako ni Baraza kwa kuwa hanyamazi, nawe ni Kasuku kwa sababu hiyohiyo. Jina la Kengele la kwenye kitambulisho hata mume wake alilisikia siku ya kufunga ndoa, akauliza anaolewa nani. Mmelificha jina asilolijua mtu, mmechapa lile ambalo hata mbwa wa njiani wanalijua!

Uliposema tuchague jina la utani, sisi tulidhani unataka tujisikie nyumbani, tukakutajia majina yetu. Nami nilikutajia Pini. Nimeponea kwa vile maneno yangu mliyakata yote, nadhani kwa kuwa nilikuwa nailalamikia ofisi yenu. La sivyo baba yako angejua leo kwamba dada yake si mwenye chumba tu, naye anameza dawa. Wewe peke yako ndiye unayejua, pamoja na kikundi, maana dawa zangu nachukulia mjini ninapofuata nyuzi.

Sasa sikiliza. Mama mkwe amemwaga makopo yote ya nyumba ile sakafuni. Hakukuta kitu, kwa sababu Kengele alishazitupa dawa chooni. Kuzifuata nyingine zahanati hataki, kwa kuwa dirisha la dawa zetu liko peke yake uani, na anayesimama pale anasomwa na benchi zima. Hilo si ndilo tulilowaambia kwenye utafiti? Nimemwendea nesi anipe nimpelekee, kasema mwenye dawa aje mwenyewe. Nimemwendea Kengele nimwombe aje kwangu, kasema ana nguo za kufua. Hana dawa, Kasuku. Kila siku inayopita hana dawa, na wewe unaniambia kijitabu kinasifiwa.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Aprili

Shikamoo shangazi,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani, lakini nakuuliza. Barua yako niliifungua nimesimama kwenye korido ya ofisi, nikajikuta nimekaa sakafuni, watu wananiruka.

Una haki. Mimi ni Kasuku, nimeitwa Kasuku maisha yangu yote, halafu nikasimama mbele yenu na karatasi ya ofisi nikasahau.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mradi. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akaandika, akaniuliza kama wahusika walichagua majina hayo kwa hiari. Nikasema ndiyo. Akasema basi utaratibu ulifuatwa. Nikamwambia kuna mtu ameacha dawa! Akasema ni jambo la kusikitisha na litaingizwa kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo, shangazi! Nilitamani kumtupia kikombe.

Nimepiga simu zahanati zote, vijitabu vilivyokuwa bado kwenye maboksi vinarudishwa. Vilivyokwisha chukuliwa ndiyo vimechukuliwa. Mkuu ameamua kuja huko mwenyewe kuomba radhi. Nilimsihi asifanye mkutano, aonane na kikundi tu, kimyakimya. Akasema uwazi ni msingi wa mradi. Na mimi sitakuja naye. Eti niko karibu mno na wahusika. Karibu mno! Si ndiyo sababu iliyowafanya wanipe kazi?

Tafadhali mwambie Kengele asiende kwenye huo mkutano.

Mwanao

*

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Barua yako ililetwa na gari lilelile lililomleta mkuu wako, kwa hiyo niliisoma mkutano umeshaanza. Hongera kwa ofisi yako.

Uwanja wa zahanati ulijaa. Kengele alikuwepo, mama mkwe alimleta kwa makusudi na kumkalisha pembeni yake. Amekonda mpaka nguo niliyomshonea mwenyewe inampwaya. Mkuu wako ni mtu mpole, sikatai. Akaomba radhi kwa yeyote aliyeguswa, mkalimani akatafsiri. Kisha, mwanangu, sijui kama alitumwa au alijitungia, akasema angependa kuwatambua waliodhurika ili wapewe ushauri. Wanyooshe mikono.

Wanyooshe mikono!

Hakuna aliyenyoosha. Ila uwanja mzima uligeuka polepole kumtazama Kengele. Mama mkwe naye akageuka. Nilimwona Kengele anainama kama mtu aliyedondosha kitu, nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na miguu ikanisimamisha kabla sijaamua.

Nikasema: "Ni mimi. Maneno ya kopo la vifungo ni yangu. Mashine yenu imechanganya majina." Nikasema tena: "Jamani, kopo la vifungo ni la nani kijiji hiki kama si la fundi?" Hapo mtu mmoja akacheka, mwingine akasema kweli bwana. Mama mkwe akanitazama, akamtazama Kengele, akatazama chini. Mkuu wako akanishukuru kwa ujasiri wangu. Nusura nimchome pini.

Usinisifu. Haukuwa ujasiri, ni kuchoka. Baba yako alikuwa mstari wa tatu. Hajanisemesha tangu juzi, na unajua mtu huyo hata usingizini anaongea.

Shangazi yako

*

Tarehe 6 Mei

Shikamoo shangazi,

U hali gani? Nataka jibu la kweli, si lile la salamu. Umekula? Baba amesema neno?

Mkuu alirudi na kuniita. Akanifungia mlango, akasema kuna mhusika amedai majina yalichanganywa, na kwamba hilo ni jambo zito kuliko yote, kwa sababu likiwa kweli utafiti mzima unatiliwa shaka. Sauti tulizorekodi chumbani kwako ziko kwangu. Akataka nizisikilize upya na nimwandikie jibu.

Nilizisikiliza. Sikuwa na haja, lakini nilizisikiliza. Kengele anaanza kwa kucheka, anasema la kopo, halafu nyuma yake unasikika wewe ukisema, "Cheka taratibu, tuko kazini." Nililia pale mezani kama mjinga.

Nikamwandikia kwamba ni kweli. Kwamba Pini na Kengele walibadilishana nafasi wakati wa kunakili, na aliyenakili ni mimi. Kila kitu kingine katika kijitabu kile ni cha kweli, shangazi, mlikitafuta wenyewe kwa taabu, na sasa watu wanasema kimefanywa na mzembe. Hilo linaniuma kuliko la kazi. La kazi ni kwamba nimetolewa kwenye mradi. Sauti zote nimemkabidhi mwenyekiti wa kikundi chenu alipokuja mjini, kama mkataba unavyosema kikundi kikizidai. Anayezitaka awaulize nyie sasa.

Nimesema uongo kwenye utafiti, na ningeulizwa kesho ningeusema tena. Nina hasira na kila mtu, nikiwemo mimi.

Mwanao

*

Tarehe 11 Juni

Shikamoo shangazi,

Mbona kimya? Dereva anasema barua alikukabidhi mkononi. Anasema chumba cha kushonea alikikuta kimefungwa. Unaumwa? Kama umenikasirikia niandikie hata mstari mmoja wa matusi.

Kengele je? Amerudi kwenye dawa?

Mwanao

*

Tarehe 3 Julai

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Siumwi. Chumba nilikifunga kwa sababu hapakuwa na cha kushona. Wateja walikuja mmojammoja kuchukua vitambaa vyao, kila mmoja na sababu yake nzuri: huyu amepata mgeni, huyu amebadili mawazo, huyu hata hakuhangaika kutunga. Mama yako ananipa chai kwenye kikombe chenye alama ya rangi chini, kisichanganyike na vyao, anadhani sijaona. Sikukuandikia kwa kuwa kila nilipoanza ilikuwa ni matusi matupu, na mengine hayakuwa yako.

Baba yako alinyamaza mpaka tukadhani tumwite daktari. Kisha asubuhi moja akaja chumbani, akafungua madirisha, akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Na Kasuku alijua, mimi sijui?" Nikamwambia, "Kasuku hakulisema hilo hata mara moja, na wewe ungelitangaza hata usingizini." Akacheka, akalia, sasa hivi anakuja kila siku na haondoki. Naomba mumwite huko mjini nipumzike.

Kikundi kimezichukua sauti zote. Tumekaa tukazisikiliza pamoja, kila mtu akasema lipi litoke na lipi libaki. Kijitabu tutakiandika upya sisi, na safari hii tutatumia majina ya kwenye vitambulisho, maana hayo ndiyo hakuna anayeyajua.

Sasa ulilouliza. Mwanzoni mwa mwezi uliopita nilikwenda zahanati ya hapahapa, mchana, nikasimama kwenye lile dirisha la uani. Mbele ya wote. Sikuwa na haja ya kusimama pale, dawa za mjini ninazo, lakini nilikuwa nimepeleka ujumbe kwa mama mkwe wa Kengele kwamba miguu yangu haina nguvu, kama angeweza kuniazima mkwe wake anisindikize. Akamtoa. Tena kwa maneno makubwa: "Nenda, mshike mkono, fundi wa watu asianguke njiani." Watu wa kwenye benchi walinionea huruma, Kengele wakamsifu kwa moyo wake mwema. Nesi alitutazama, akaelewa, akatuingiza ndani, akafunga mlango, akamhudumia Kengele kwanza. Na mwezi huu tena hivyo hivyo.

Sijafurahi, Kasuku. Mtu asikuambie nimefurahi. Mwanamke mzima anapata dawa yake kwa kujifanya ananibeba mimi, na mimi najikongoja njia nzima kama bibi kizee, na dirisha bado liko palepale uani. Nikilifikiria hilo nashindwa kutunga uzi.

Lakini anameza. Amekuja kumezea hapa kwangu leo, baba yako akiwepo, akacheka kicheko chake mpaka jirani akauliza kuna nini. Baba yako akamjibu hakuna kitu. Hilo tu, hakuna kitu, halafu akanyamaza.

Ni mimi shangazi yako,
Pini