Wifi Yangu Alisema Tupige Windows Mpya

Mama Waisiko, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekwama, maana hapa Nyarero sina wa kumwambia. Mimi nadarizi nembo za sweta za shule kwa mashine inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe ni ya Windows 7, aliyeniwekea programu ya kudarizi ni fundi Mboje ambaye alishahamia Geita na simu yake haipatikani, sasa wifi yangu Robi anayesoma kompyuta chuoni Musoma alipokuja likizo akaniambia, "Wifi, hii Windows imezeeka, haipati tena ulinzi, tupige mpya," nami nikaogopa kwamba tukipiga mpya mashine itagoma na shule mbili zinasubiri sweta kabla ya kufungua, nikamkatalia, na wiki hiyohiyo mteja akaja na flashi yake, nikaichomeka, virusi vikala michoro yote ya shule moja. Mume wangu Nchagwa alipouliza nani kaharibu, Mama, ulimi uliniteleza nikasema ni flashi ya Robi, akamfokea mbele ya wateja na kumkataza kukanyaga dukani, mtoto wa watu alichukua begi lake akaenda kwa shangazi yao anayeishi Genkuru, na huu ni mwezi wa pili wa likizo yuko huko. Ninayemhitaji ndiye niliyemsingizia. Je, nipige Windows mpya au niiache ya zamani?

Generoza, Nyarero

Marahaba, Generoza. Hofu yako juu ya mashine ina msingi. Nilimuuliza fundi anayetutengenezea kompyuta hapa gazetini, akasema programu nyingine za zamani hazikubali Windows mpya, na kupiga Windows ovyo kunaweza kufuta kila kilichomo. Kwa hiyo hiyo Windows usiibadilishe mpaka sweta ziishe. Mtafute fundi asafishe virusi, kisha nakili michoro iliyobaki kwenye diski ya nje uifungie kabatini. Kompyuta hiyo iwe ya kudarizi tu: isiingie mtandaoni, wala flashi ya mteja isichomekwe humo, hata mteja akiwa mwalimu mkuu. Wapigie waliokuuzia mashine, waulize programu yako inakubali Windows ipi na kama nakala yake wanayo. Wakiwa nayo, shule zikishafungua pigeni mpya. Wasipokuwa nayo, baki na ya zamani huku ukijipanga.

Sasa Robi. Hapa sikubembelezi. Ulimi ukiteleza, mtu hujirekebisha siku hiyohiyo. Wewe umenyamaza wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Binti alikuambia ukweli, ukamlipa kwa kumwita mharibifu! Mwambie Nchagwa kesho asubuhi kabla hamjafungua duka. Atafoka, vumilia. Alimdhalilisha dadake mbele ya wateja, basi amsafishe jina mbele ya wateja haohao.

Kisha nendeni Genkuru wote wawili. Kompyuta iacheni nyumbani, na siku hiyo usiitaje kabisa. Ukimwomba msamaha na Windows kwa mkupuo mmoja, Robi atajua ulichofuata.